Sindano za Mapafu na Moyo wa Binti Yangu

Wiki tatu zilizopita, saa tano usiku, kuna ujumbe wa sauti ulirushwa kwenye kundi letu la WhatsApp la akina mama wa watoto njiti. Mwanamke ambaye hakujitaja jina anasema zile sindano za kukomaza mapafu wanazochomwa wajawazito zinanenepesha moyo wa mtoto, na kwamba huko Ulaya walishaziacha zamani, zimebaki kuletwa kwetu. Kabla sijamaliza kuusikiliza, mdogo wetu mmoja aliyekuwa amelazwa tangu mchana kwa uchungu wa mapema, mimba ya wiki ya 30, akaandika: "Dada zangu, wameniambia saa sita wananichoma. Nikatae?"

Nilimjibu mstari mmoja: "Usikatae, mdogo wangu. Kesho nitakuandikia kwa nini." Akachomwa. Ile kesho imegeuka wiki tatu, kwa sababu kila nilipokaa kuandika niliona najijibu na mimi mwenyewe. Swali lake nimelala nalo miaka kumi.

Langu lilianza Novemba 2014, alfajiri, chupa ilipopasuka nikiwa nabandika chai. Mimba ilikuwa wiki ya 29. Hospitali sista alikuja na sindano akasema, "Hii ya mapafu ya mtoto, mama, geuka ubavu." Nikageuka. Baada ya saa kumi na mbili akaja mwingine na sindano ya pili. Ya tatu haikuwahi. Binti yangu alitoka kabla yake, gramu 1,150, ngozi nyembamba mpaka mishipa inahesabika. Hakuna aliyenitajia jina la dawa, inafanya kazi gani, wala ina madhara gani. Kunichoma walifanya vyema. Kutonieleza ndiko kunakoniuma mpaka leo, kwa sababu mtu asiyeelezwa hana cha kushika siku atakapotishwa. Siku ya kuruhusiwa niliona kwenye karatasi pameandikwa "deksa, dozi mbili", nikadhani ni vitamini.

Aliyewahi kukaa wodi ya njiti anakijua kifua cha mtoto aliyezaliwa mapema. Kila akivuta hewa, nyama ya katikati ya mbavu inazama, na chini ya kifua panabonyea kama pamekandamizwa kwa kidole. Anagumia. Unakaa pembeni unapumua naye, ukidhani ukivuta wewe kwa nguvu na yeye atapata. Mapafu yana vifuko vidogo mno, na ndani yake mna unyevu. Unyevu huo hushikamanisha kuta, kama mfuko wa plastiki uliolowa unavyogoma kufunguka. Mtoto aliyetimiza miezi yake anazaliwa na utando laini, wenye tabia ya sabuni, unaozuia kuta zisigandane. Unaitwa safakitanti. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead, huko Marekani, walionyesha kwamba watoto wanaokufa kwa shida hii ya kupumua ndicho wanachokosa. Miaka minne baadaye Patrick, mtoto wa Rais John F. Kennedy, alizaliwa kabla ya wakati tarehe 7 Agosti 1963 akiwa na kilo 2.1, akafa tarehe 9 kwa ugonjwa huohuo, na madaktari wote wa taifa lile wakiwa karibu. Leo mtoto wa kilo 2.1 akiletwa wodi yetu tungemwita mkubwa.

Kilichobadilisha mambo kilitoka zizini. Huko Auckland, Nyuzilandi, daktari wa uzazi Graham Liggins alikuwa anatafuta kitu kingine kabisa: nini kinaanzisha uchungu. Alikuwa akiwapa kondoo walio bado tumboni mwa mama zao homoni za jamii ya kotisoli, na kweli uchungu ulikuwa unakuja mapema. Kisha akakuta mwanakondoo mmoja aliyezaliwa mapema kiasi kwamba hakupaswa kuwa hai, bado anapumua. Mapafu yake yalipochunguzwa yalikutwa yameingia hewa kwa sehemu. Liggins alikuwa anatafuta mlango wa uzazi akafungua wa pumzi. Yeye na daktari wa watoto Ross Howie walianza kulijaribu jambo hilo kwa akina mama mwishoni mwa 1969, wengine wakichomwa betamethasoni, dawa ya jamii hiyohiyo, na wengine wakipewa sindano ya kulinganishia. Mwaka 1972 walitoa matokeo ya akina mama 282. Kwa waliofika na uchungu uliojianzia wenyewe, watoto waliopata shida ya kupumua walikuwa asilimia 9.0 kwa waliochomwa dawa na 25.8 kwa wasiochomwa. Vifo vya siku za mwanzo vilikuwa asilimia 3.2 dhidi ya 15.0.

Rudia kuzisoma hizo namba mbili za mwisho. Mimi nilipozikuta mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikaenda kusimama mlangoni kwa chumba cha binti yangu, nikamsikiliza anavyopumua usingizini.

Halafu ulimwengu ukakaa. Majaribio mengine yalifuata, mengi madogo, kila moja peke yake halitoshi kuwatuliza wenye shaka. Taasisi ya afya ya Marekani iliita kikao na kupendekeza sindano hizi kwa mapana mwaka 1994, miaka 22 baada ya matokeo ya Auckland. Nembo ya shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima ushahidi wa tiba, ni mchoro wa majaribio hayo ya sindano za mapafu: mistari midogo ya mlalo, mingi ikiegemea upande wa kuokoa. Wameifanya nembo ili isisahaulike kwamba jibu lilikuwepo na watoto wakaendelea kufa.

Sasa moyo.

Kotisoli si mgeni mwilini. Hutengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, na mtoto aliye tumboni anaitengeneza ya kwake. Miezi yote ya mwanzo huwa kidogo. Zikikaribia wiki za kuzaliwa inapanda, na kupanda kwake ni kama mbiu ya mgambo: mapafu yajiandae, ini lijiandae, utumbo ujiandae, moyo ujiandae. Kotisoli ya mama haimfikii mtoto kwa wingi kwa sababu kondo lina kimeng'enya kinachoivunja njiani. Deksamethasoni, ile deksa ya kwenye karatasi yangu, na betamethasoni hazivunjwi hivyo, zinapita, ndiyo maana zikachaguliwa hizo mbili. Mbiu inapigwa kabla ya wakati wake, na mapafu yanaitikia. Lakini mbiu haina mlango mmoja. Ikipigwa inasikika mtaa mzima, na moyo unaisikia.

Moyo wa mtoto aliye tumboni unakua kwa chembe zake kugawanyika: moja mbili, mbili nne. Karibu na kuzaliwa, mwendo huo unafika mwisho. Chembe zinaacha kuongezeka idadi, kuanzia hapo zinaongezeka ukubwa tu, na zile ulizozaliwa nazo ndizo karibu zote utakazozeeka nazo. Kotisoli ina mkono katika badiliko hilo, na moyo unaihitaji kweli. Watafiti wa Edinburgh walikuza vijusi vya panya ambavyo moyo wake hauwezi kuisikia homoni hii. Nyuzi za misuli ya moyo zilikaa ovyo na moyo ukafanya kazi kichangachanga. Kwa hiyo anayesema steroidi, yaani dawa za jamii ya kotisoli, ni adui wa moyo amekosea tangu mwanzo. Bila ishara hiyo moyo haukomai.

Shida iko kwenye wakati na kipimo. Ishara ikija mapema mno na kukaa muda mrefu mno, chembe huacha kugawanyika kabla idadi haijatimia. Huko Utrecht, Uholanzi, waliwapa panya wachanga deksamethasoni wakaona hivyo hasa: chembe za moyo chache kuliko kawaida, na zilizopo zimenenepa. Ni kama jengo ambalo nusu ya mafundi wamerudishwa nyumbani, waliobaki wanabeba zege la wenzao. Jengo linasimama. Lakini unaanza kujiuliza mabega yale yatahimili miaka mingapi.

Na hapa ile sauti ya WhatsApp ilishika kipande cha kweli, ingawa ilikishika mkiani. Kuna watoto njiti ambao moyo wao ulinenepa kwa steroidi. Mambo hayo yaliandikwa na madaktari wenyewe, hayakufichwa. Ila hawakuwa watoto wa mama waliochomwa sindano mbili au nne kabla ya kujifungua. Walikuwa watoto waliopewa dawa wao wenyewe, baada ya kuzaliwa, kwa wiki na wiki.

Ilikuwa hivi. Miaka ya 1980 mashine za kupumulia zilianza kuokoa watoto wadogo sana, na mashine hizohizo zikaanza kuyaumiza mapafu. Mtoto anafika mwezi, mwezi na nusu, hawezi kuchomolewa. Madaktari wakagundua kwamba ukimpa deksamethasoni uvimbe wa mapafu unapungua, na baada ya siku chache mtoto aliyeshindikana anatoka kwenye mashine. Fikiria furaha ya mama huyo. Fikiria na daktari. Dawa ikasambaa. Kipimo kilichozoeleka kuanzia kilikuwa nusu miligramu kwa kila kilo ya mtoto kwa siku, kikipunguzwa taratibu, na jaribio moja lililojulikana sana la 1989 liliipeleka mpaka siku 42. Kisha waliowapiga picha za moyo, kipimo cha eko, wakaanza kuona ukuta unaotenganisha vyumba vya chini vya moyo umekuwa mnene, na ukuta wa chumba cha kushoto vilevile. Kwa baadhi yao unene ule ulibana njia ya damu kutoka kwenda mwilini. Presha nazo zilipanda. Taarifa hizo zilitoka miaka ya mwanzo ya 1990, na zilisema jambo la pili ambalo sauti ya WhatsApp haikulibeba: dawa iliposimamishwa, kwa wengi wao kuta zilirudi katika unene wake wa kawaida ndani ya wiki.

Kilichofunga ukurasa ule kilikuwa ubongo zaidi ya moyo. Watoto waliokuwa wamepewa dozi kubwa mapema walipofuatiliwa, Taiwan na kwingineko, walionekana kuwa na ulemavu wa viungo na shida za kujifunza zaidi ya wenzao. Mwaka 2002 vyama vya madaktari wa watoto wa Marekani na Kanada vilitoka pamoja kusema dawa hii isipewe njiti kwa mazoea. Hiyo ndiyo "waliiacha" ya ile sauti. Haijatoweka kabisa. Mtoto aliyenasa kwenye mashine bado anaweza kupewa, kwa kipimo kidogo sana: ratiba inayotajwa mara nyingi ni ya siku kumi, na jumla yake yote haifiki miligramu moja kwa kilo. Tena daktari anayeianza anapaswa kuangalia presha, sukari, na pakiwezekana eko.

Sindano za mama ni kitu kingine. Deksamethasoni miligramu 6 kila saa kumi na mbili, mara nne, basi. Siku mbili, na dawa imepita mwilini mwa mama kabla ya kumfikia mtoto. Naona neno "steroidi" limetufanyia vibaya. Limeweka kwenye kapu moja sindano ya siku mbili, matone ya wiki sita kwa mtoto wa kilo moja, mafuta ya kuchubua ngozi na vidonge vya wanyanyua vyuma. Mtu akisikia jina moja anaogopa vyote kwa hofu moja.

Je, sindano za mama haziugusi moyo hata kidogo? Zinaugusa. Siku mbili tatu baada ya kuchomwa, betamethasoni hasa, mapigo ya moyo wa mtoto tumboni hupunguza kupandapanda kwake, na mateke yanapungua. Kisha vinarudi. Mama aliyelazwa anapaswa kuambiwa hili mapema, maana mtoto akitulia ghafla usiku ule wa sindano unaweza kufa kwa hofu. Hata hivyo asidhani ni kawaida akanyamaza. Aseme, wampime. Na mwaka 1999 kuna madaktari walioandika juu ya wachanga waliozaliwa na moyo mnene wa muda baada ya mama zao kurudiwa dozi mara nyingi. Ndiyo sababu siku hizi hazirudiwi kila wiki kama ilivyowahi kufanyika. Shirika la Afya Duniani linaruhusu kurudia mara moja tu, kama siku saba zimepita, mtoto hajazaliwa, na bado kuna hatari ya kuzaliwa ndani ya siku saba zijazo.

Kuna na upande wa msaada, na huu kwangu una sura ya mtu. Siku ya nne daktari aliweka kipimo chake kifuani kwa binti yangu akakaa nacho muda mrefu kuliko kawaida. Akaniambia, "Mama, kuna mlango kwenye moyo bado uko wazi." Mtoto aliye tumboni hapumui, kwa hiyo damu nyingi haina haja ya kupita mapafuni. Kuna mshipa mfupi unaoichepusha kutoka mshipa wa mapafu kwenda mshipa mkuu wa mwili. Ukizaliwa, oksijeni inapanda, mshipa unajikunja na kuziba ndani ya siku chache. Kwa njiti mara nyingi unagoma. Damu inarudi mapafuni, mapafu yanajaa, moyo unafanya kazi mara mbili. Deksa ya mama inapunguza uwezekano wa mlango huo kubaki wazi, inaipa presha ya mtoto uthabiti siku za mwanzo, na inapunguza damu kuvuja ndani ya ubongo. Wa kwangu ulibaki wazi hata hivyo, dozi zenyewe zilikuwa mbili tu. Siku ya 19, nikiwa nimemfunga kifuani kwa kanga kwenye chumba cha kangaroo, daktari yuleyule alisikiliza akasema haisikii tena ile sauti.

Kwa hiyo hofu yangu ya miaka kumi haikuwa ya uchanga. Ilikuwa ya baadaye. Atakapofika miaka thelathini, hamsini?

Ni swali ambalo ni watu wachache duniani wanaoweza kulijibu kwa miili yao, na wapo Auckland. Wale watoto wa jaribio la Liggins na Howie walitafutwa wakiwa na miaka 30. Zaidi ya 500 walikubali kupimwa, karibu nusu wakiwa wa dawa na waliobaki si wa dawa. Presha zao zililingana. Mafuta ya damu yalilingana. Magonjwa ya moyo hayakuonyesha tofauti. Tofauti moja ilijitokeza: walipopewa sukari kwa kipimo, wale wa dawa walitoa insulini zaidi kidogo katika nusu saa ya mwanzo, dalili kwamba miili yao inaisikia insulini kwa uzito kidogo. Matokeo hayo yalitoka 2005. Walipofika miaka 50 wakatafutwa tena, na kwa mara nyingine hakukuwa na tofauti ya maana kwenye hatari za moyo na mishipa kati ya makundi mawili. Watu wa makamo hao walikubali kurudi kwenye mkono wa kupimia presha kwa sababu ya sindano aliyochomwa mama yao nusu karne iliyopita. Siwajui hata mmoja. Nawashukuru kama ndugu.

Haikuwa habari njema tupu, na sitaki kumdanganya mtu. Watafiti wa Oxford waliwapima vijana wa miaka ya ishirini waliozaliwa njiti miaka ya 1980, wakakuta waliopata steroidi tumboni wana ugumu kidogo kwenye tao la mshipa mkuu utokao moyoni, kuliko njiti wenzao wasiopata. Hao hawakupangwa kwa kura kama wa Auckland, kwa hiyo huenda waliochomwa walikuwa na mambo mengine tofauti. Mimi naupa ushahidi wa Auckland uzito mkubwa zaidi. Lakini wa Oxford sijautupa.

Na Oxford haohao ndio walionifungua macho kwa kitu ambacho sikukitarajia. Mwaka 2013 walichapisha picha za moyo za vijana 102 waliozaliwa njiti, wakiwalinganisha na waliotimiza miezi. Mioyo ya njiti ilikuwa na misuli mizito zaidi, chumba cha kushoto kifupi zaidi, nafasi ya ndani ndogo zaidi. Kuzaliwa mapema kwenyewe ndiko kulikoacha alama hiyo. Moyo uliopaswa kupiga wiki kumi au kumi na mbili zaidi kwenye utulivu wa tumbo, ukisaidiwa na kondo, unatolewa nje ghafla kwenye presha ya dunia wakati chembe zake bado zinagawanyika. Watafiti wa Monash, Australia, waliona kwa wanakondoo waliozaliwa kabla ya wakati kwamba misuli ya moyo inakomaa kwa namna tofauti na nyuzi za kovu zinaongezeka. Wala wengi wa vijana wale wa Oxford hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wanacheza mpira na kwenda kazini. Lakini moyo wao ulikuwa na historia.

Nilikuwa nimeilaumu sindano miaka yote kwa jambo ambalo huenda ni la kuzaliwa mapema. Na bila sindano, pengine nisingekuwa na moyo wa kuuwazia.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo jingine la kusema, na hili nalisema kwa wanaotoa huduma pia. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, la kusambaza sindano hizi mpaka vituo vidogo vya vijijini. Matokeo yalishtua: kwa jumla vifo vya wachanga havikupungua, viliongezeka, na maambukizi kwa akina mama yaliongezeka. Wengi waliochomwa hawakujifungua njiti. Umri wa mimba ulikuwa unakisiwa, na mtoto akizaliwa hapakuwa na joto, oksijeni wala mtu wa kumwangalia. Watu wakaanza kunong'ona kwamba dawa hii si ya nchi maskini. Shirika la Afya Duniani likalirudia swali kwa namna nyingine, kwenye hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Naijeria na Pakistani, mimba zikiwa zimepimwa kwa utrasaundi. Walishiriki akina mama 2,852. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda kwa sababu faida ilishaonekana: vifo vya wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata deksamethasoni na 23.5 kwa wasiopata. Matokeo yalitoka 2020.

Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni utrasaundi, usafi, joto, na watu. Ndiyo sababu nakasirika nikisikia kituo kinajivunia kuwa na deksa kabatini na hakina blanketi wala mizani ya gramu. Na ndiyo sababu, mdogo wangu uliyeuliza saa tano usiku, nilikujibu kwa haraka vile. Ulikuwa hospitali yenye wodi ya njiti, wiki zako zilikuwa zimepimwa mapema kwa utrasaundi, hukuwa na homa wala maji yenye harufu, na uchungu ulikuwa wa kweli. Ungekuwa mwenye mimba ya wiki 37 nyumbani, na jirani ana sindano mkononi, ningekwambia kimbia.

Mwaka jana shuleni kwa binti yangu walikuja wahudumu wa afya. Mmoja alisikiliza kifua chake akaandika kwenye karatasi kwamba kuna sauti ya ziada moyoni. Nilisoma nikiwa kituo cha daladala, magari matatu yakapita sijapanda. Tukapata rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kupigwa eko. Alilala ubavu wa kushoto, ile jeli ya baridi ikamchekesha, na kwenye skrini nikauona moyo uliowahi kutosha kwenye ukucha wa kidole gumba ukifungua na kufunga. Nilitaja mwenyewe, bila kuulizwa: wiki 29, gramu 1,150, deksa dozi mbili, mshipa ulikawia kuziba hadi siku ya 19. Daktari aliacha kuandika akanitazama. Aliniambia wazazi wengi hawaijui historia hiyo, na faili za wodi ya njiti mara nyingi hazimfikii daktari wa moyo. Akapima kuta zote kwa utaratibu. Mshipa umeziba. Kuta ziko ndani ya kiwango cha umri wake. Ile sauti ni ya mtiririko tu, ya watoto wengi wembamba.

Nikamuuliza kuhusu presha. Akasema waliozaliwa njiti wana tabia ya kuwa na presha iliyo juu kidogo wakikua, kwa hiyo ipimwe kila mwaka, na ipimwe kwa mkono wa kupimia, ule mkanda unaofungwa juu ya kiwiko, wa saizi ya mtoto. Hilo la mwisho alilirudia. Ukimfunga mtoto mwembamba kwa mkanda wa mtu mzima, namba inasoma chini kuliko ukweli, na unarudi nyumbani umetulia bure. Zahanati ya mtaani kwetu ina ule wa watu wazima tu. Kwa hiyo kila Novemba, wiki ya kuzaliwa kwake, tunapanda magari mawili mpaka wanakoupata mdogo. Anakaa dakika tano kwanza, miguu chini, haongei, kwa sababu namkataza. Nina daftari lenye jalada la kijani ambalo lilianza kama daftari la uzito, ukurasa wa kwanza gramu 1,150, wa pili 1,090, maana aliteremka kwanza. Sasa linaandikwa presha. Mwaka huu ilisoma 104 kwa 62.

Mdogo wetu alijifungua siku ya tatu baada ya sindano ya nne. Jana usiku ameniandikia: wako kangaroo, gramu 1,420, anauliza lile daftari langu nalipanga vipi. Nimempigia picha ukurasa wa kwanza.